Chuki kwa Lugha Tatu

Waliponiaga kwa soda na keki, hakimu alisema nimesimama kortini karibu maisha yangu yote bila kushtakiwa. Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa miguu yangu haikuona la kuchekesha. Mkalimani husimama. Hakimu ana kiti, karani ana kiti, wakili hukaa akichoka kujisikiliza, na hata mshtakiwa kuna wakati huambiwa akae. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza kwenu mnaoanza kazi hii ni viatu: visigino vifupi, soli nene, na jozi nyingine iwe chini ya meza. Ushauri wa pili ni mrefu kidogo, nao unahusu chuki.

Nasema chuki kwa sababu ndiyo iliyonilisha. Mtu anayeelewana na jirani yake haji kortini. Miaka yote niliyofanya kazi Kitui, na baadaye Makueni, sikuwahi kumwona mtu aliyepanda kizimbani kueleza anavyompenda shemeji yake. Walikuja kueleza kwa Kikamba jinsi wasivyopendana, nami nikawageuzia kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kulingana na masikio ya hakimu wa siku hiyo. Na Kiingereza, mtaona, kina maneno ya kutopenda kama kabati ya vyombo vya mama mkwe: vingine vya kila siku, vingine vya wageni, na vingine havijawahi kutolewa tangu harusi lakini ole wako uvivunje.

Nilianza Kitui nikiwa msichana kutoka Nunguni. Kwetu ni milimani, tumezoea ukungu na kabichi, na joto la Kitui lilinipokea kama mtu niliyemkosea. Asubuhi ya kwanza nilichelewa. Hakimu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Bila kuinua macho kutoka kwenye faili alisema, «I am not particularly fond of lateness.» Nikalitafsiri kichwani haraka haraka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeajiriwa kufanya: bwana huyu hapendi sana kuchelewa. Hapendi sana, nikajiambia, basi anapenda kidogo. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa hakimu mpole.

Wakati wa chai Mzee Salim aliniita kando, akaniuliza kama nimeshafunga mizigo yangu ya kurudi nyumbani.

Mzee Salim ndiye aliyekuwa mkalimani mkuu pale. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa akalowea Kitui, na yeye mwenyewe alizaliwa mjini, karibu na msikiti. Kikamba chake kilikuwa cha mtu wa Kitui yeyote, lakini Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuonekane kama watu tunaozungumza tukiwa na viazi moto mdomoni. Shati lake lilipigwa pasi hata mgongoni, mahali ambapo hakuna ambaye angeona chini ya koti. Mfukoni alikuwa na karafuu. Alitafuna moja kabla ya kila kesi ndefu, kwa ajili ya koo, na akinywa maji yalikuwa ya vuguvugu. Ya baridi, alisema, ni ya watu ambao sauti si mali yao. Mpaka leo mimi nina karafuu kwenye mkoba.

Nilimweleza kwamba hakimu hakukasirika. Mzee Salim aliniangalia kwa huruma.

«Binti yangu,» akasema, «mtu wa Kiingereza akikasirika kidogo atapiga kelele. Akikuchukia kweli, atapunguza sauti na kuongeza maneno. Huyu amekupunguzia sauti na kukuongezea maneno mawili. Kesho fika kabla ya jua.»

Nikafika kabla ya jua. Na tangu siku hiyo nilianza kuyatazama hayo maneno kwa heshima, jinsi unavyomtazama mbwa asiyebweka.

Mzee Salim hakuamini kamusi. Alikuwa nayo moja iliyopoteza jalada, na aliitumia zaidi kuzuia dirisha lisijifunge. Alisema kamusi itakuambia «hate» ni kuchukia, «detest» ni kuchukia, «loathe» ni kuchukia, kisha itakuacha hapo kama konda aliyekushusha njia panda usiku. Yeye alifundisha kwa mwili. Chuki, alisema, iko kifuani. Kinyaa kiko tumboni. Dharau iko puani. Kinyongo kiko kooni, kimekwama, hakipandi wala hakishuki. Shahidi akisema hampendi mtu, mwangalie anapojigusa, ndipo uchague neno.

Mtacheka, lakini jaribuni. Niliwahi kumkalimania mwanamke aliyeomba kuachana na mume mlevi. Alisema tu kwa Kikamba kwamba hamtaki, lakini kila alipomtaja mkono ulishuka tumboni na mdomo ukajikunja. Nikasema «loathe», kwa sababu neno hilo lina kichefuchefu ndani yake. Wakili wa mume akapinga, akasema shahidi hakutumia neno kali kiasi hicho. Hakimu akamwangalia mwanamke, akaangalia tumbo lake, akaacha neno likae.

Kwa hiyo nikapanga kabati yangu. «Dislike» ni chai isiyo na sukari: utainywa, lakini hutaomba kikombe cha pili. «Hate» lilikuwa neno la moto zamani, lakini watoto wa shule wamelichosha. Wana-hate hesabu, wana-hate chakula cha muthokoi, wana-hate Jumatatu, na linapofika kortini kwa ajili ya mtu aliyechoma nyumba ya ndugu yake halina meno tena. «Detest» ni «hate» lililovaa tai. «Despise» humtazama mtu kutoka juu, kama kuku anavyotazamwa na mtu aliye kwenye ngazi. Na «resent» daima lina hadithi nyuma yake. Mtu hawi nalo bure. Kuna alichofanyiwa, pengine mwaka wa njaa, pengine wakati wa kugawa shamba, na hajasahau hata rangi ya shati ulilovaa.

Halafu kuna yale yasiyoonekana kama chuki kabisa. Wakili akimwambia mwenzake «with the greatest respect», jueni heshima imeshatoka nje ya chumba na mlango umefungwa. Hilo litafsirini kwa uso mkavu.

Na kuna mitego. Mwenzetu mmoja, simtaji kwa sababu bado ananiuzia maziwa, alikuwa mgeni kazini wakati wakili alipoeleza korti kuhusu wanaume wawili wa kijiji kimoja waliogombania mpaka. «My client cannot stand his neighbour,» wakili akasema, yaani hamvumilii. Mwenzetu akageuza kwa ufasaha kabisa kwamba mteja hawezi kusimama karibu na jirani yake. Karani, ambaye alikuwa mtu mwema, akaleta kiti. Mteja, mwanamume mwenye afya ya kuvuta plau bila ng'ombe, akakaa kwa furaha na kukaa hapo asubuhi yote. Mzee Salim hakumgombeza mwenzetu. Alisema kwamba kwa hesabu yake, hiyo ndiyo kesi pekee ya mpaka ambayo mtu alitoka kortini akiwa amepumzika.

Mzee Salim alistaafu, mimi nikahamishwa Makueni, karibu na kwetu lakini upande wa chini, ambako mvua hufika ikiwa imechoka. Huko ndiko nilikokutana na kesi ninayotaka kuwaeleza. Majina nimebadilisha, isipokuwa la mtoto. Hilo siwezi kulibadilisha, kwa kuwa ndilo kesi yenyewe, na wanaoitwa hivyo ni wengi Ukambani, hakuna atakayetambulika.

Mtoto aliitwa Kamene. Alikuwa anakaribia kuanza shule. Mama yake, nimwite Mbithe, alilima ndengu na kunde nje kidogo ya Kathonzweni. Baba yake, nimwite Mutua, alikuwa ameachana na Mbithe, na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kitui mjini, nyumba ya mawe na mke mwingine. Mutua alitaka mtoto. Alikuwa na wakili kijana kutoka Nairobi, mwenye suti nzuri na Kiingereza kizuri zaidi. Mbithe hakuwa na wakili. Alikuwa na mchungaji wake.

Kesi za watoto hazisikilizwi mbele ya umati. Chumbani tulikuwa hakimu, ambaye alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa asiyejua Kikamba, karani, wakili, Mutua, Mbithe, mchungaji na mimi. Mchungaji alikuwa ametoa ushahidi tayari. Alisema Mbithe ameokoka, anaimba kwaya, na ameacha kabisa mambo ya kienyeji. Alisisitiza hilo la mambo ya kienyeji. Kisha akaruhusiwa kukaa, Biblia juu ya goti.

Mtoto mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, na nyanya yake.

Wakili alianza na mambo ya kawaida: nyumba ya nyasi, umbali wa shule, umbali wa maji. Halafu akafika alikokuwa akienda. Aliuliza kwa Kiingereza kama ni kweli kwamba jina la mtoto maana yake ni «the hated one», yule anayechukiwa.

Sisi Wakamba tuna neno moja, kumena, ndilo lililozaa jina Kamene, nalo hubeba kuchukia na kudharau kwa pamoja, na hatujawahi kulalamika kwamba limejaa. Nikatafuta njia ya kugeuza swali. Haikuwepo. Nikajikuta nikimuuliza Mbithe, kwa sauti ya serikali, kama ni kweli kwamba Kamene maana yake ni Kamene.

Akajibu kwamba ni kweli. Mtu angejibu nini kingine?

Wakili akamwambia hakimu kwamba mama aliyempa mtoto mchanga jina la namna hiyo alionyesha moyo wake mapema. Kisha akaanza kupanda ngazi. Je, alipozaliwa, alimchukia? Au alikuwa na kinyongo naye kwa sababu baba alikuwa ameanza kuondoka? Au hakumtaka tu? «Hate», «resent», «dislike», akayatoa yote moja moja kama mtu anayemjaribisha mteja viatu, nami nikayashusha moja moja kwa Kikamba, ambako karibu yote yalifika yakiwa neno lilelile. Mbithe alinitazama kama anayejiuliza kwa nini namuuliza jambo moja mara nyingi. Hakujigusa popote. Mikono yake ilikuwa imeshikana na haikusogea kifuani, wala tumboni, wala kooni.

Sasa niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua, na wengi wenu mnalijua, lakini hakimu hakulijua. Zamani kwetu, mama akizika watoto wachanga, anayefuata alipewa jina baya. Kilichokuwa kinawachukua wengine kikipita kisikie kwamba huyu hatakiwi, kiende zake. Na mtoto wa namna hiyo hasifiwi. Humwambii mama yake kwamba ni mzuri. Mama mwenyewe haelezi jina, kwa sababu ukieleza, umeshatangaza kwamba ulikuwa unajifanya.

Basi mwanamke huyu alikuwa amebanwa pande zote. Akinyamaza, korti itaamini anamchukia mtoto. Akieleza, mchungaji aliyetoka kuapa kwamba ameacha mambo ya kienyeji yuko pale anasikia. Na hilo la mchungaji lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba angesema kwa sauti, mbele ya ukuta na dirisha lililo wazi, kitu ambacho alikuwa amekificha tangu mtoto alipozaliwa. Unaweza kuwa umeokoka na bado usitake kujaribu bahati.

Nami nilisimama hapo na ufahamu wangu wote, nikiwa na manufaa kama mwavuli Kathonzweni mwezi wa nane. Mkalimani si shahidi. Mzee Salim alikuwa akisema sisi ni mfereji, na mfereji haunywi maji.

Hakimu akaweka kalamu chini na kuzungumza mwenyewe, taratibu. Aliuliza kama Mbithe anampenda mtoto wake. Kwa Kikamba kupenda na kutaka ni kitu kimoja, kwa hiyo nilimuuliza yote mawili kwa pumzi moja.

Mbithe alijibu akitazama sakafu.

«Huyo? Wa nini huyo. Anakula kama nzige. Usiku halali mpaka nimshike mguu, na nikiuachilia anaamka. Ananifuata mpaka shambani anakanyaga ndengu. Masikio yake makubwa. Hana faida yoyote.»

Nilikalimani kila neno. Sikulainisha, sikukaza. Nilisema kwa Kiingereza kwamba mtoto hana faida, masikio yake makubwa, anakula kama nzige, na lazima ashikwe mguu usiku. Wakili alikuwa akiandika na uso wake ulikuwa wa mtu anayepokea zawadi. Hakimu hakuwa akiandika. Nadhani alikuwa bado kwenye ule mguu.

Akauliza tena. Ikiwa mtoto hana faida, je, baba amchukue?

«Aiee,» Mbithe akasema, na hapo aliinua uso. «Kitu kibaya mtu hampelekei mwenzake. Nitakaa naye mwenyewe.»

Nikageuza. Karani aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Wakili akasimama kusema kwamba shahidi amekiri, lakini hakimu akamwinulia mkono, akanigeukia mimi. Aliniuliza kama kuna kitu katika jina hili ambacho anapaswa kujua.

Hilo ndilo lilikuwa swali gumu kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na sikuwa nimekula kiapo cha kulijibu. Nikasema, «Mheshimiwa, mimi si shahidi. Lakini katika chumba hiki anayejua Kikamba si mimi na mama huyu tu.»

Huo ndio uasi wote nilioufanya katika utumishi wangu.

Hakimu alielewa. Akamwita Mutua arudi kizimbani, akamkumbusha kiapo chake, na akamuuliza kama alikuwepo mtoto alipopewa jina. Mutua akasema alikuwepo. Alipinga? Hakupinga. Kwa nini baba akubali mwanawe aitwe hivyo?

Mutua alikuwa mwanamume mnene, amevaa saa kubwa. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Wakili akaanza kusema kwamba swali halihusiani na maombi yao, na hakimu akamwambia, kwa sauti ndogo sana na kwa maneno mengi, kwamba angependelea kusikia jibu. Wakili alikuwa mgeni kwenye kazi lakini hakuwa mjinga. Akakaa.

Mutua alijibu kwa Kikamba, ingawa mpaka wakati huo alikuwa amezungumza Kiingereza.

«Tulikuwa tumezika wawili,» akasema. «Mimi ndiye niliyesema aitwe hivyo. Yeye alikuwa akilia tu.»

Nilipogeuza maneno hayo sauti yangu ilishuka, na nikalazimika kurudia ili yaingie kwenye kumbukumbu za korti. Mutua hakumwangalia wakili wake tena. Alimwangalia Mbithe, naye Mbithe akageuka upande mwingine, si kwa hasira, nadhani ni kwa sababu alitaka yote yaishe kabla mtu hajaongeza neno lingine. Mchungaji alikuwa amefunga macho, sijui kama aliomba au alihesabu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mama mzazi wa mchungaji pia aliitwa Kamene. Kanisa letu ni jipya kuliko majina yetu.

Hakimu alitoa uamuzi baada ya wiki chache. Mtoto akae na mama, baba amwone wakati wa likizo na asaidie ada. Mutua hakukata rufaa. Wakili alinipita mlangoni siku hiyo, akaniambia kwamba angenielewa kama ningemweleza jambo hilo mapema nje ya chumba. Nikamwambia kwamba hakuniuliza. Akasema, kwa heshima kubwa kabisa, kwamba mfumo wetu una kasoro. Nikamshukuru.

Wasomaji wangu wa kazini, mtaniuliza neno gani la Kiingereza lingefaa kwa jina lile. Nimelifikiria mara nyingi nikiosha vyombo. «Hated» si lenyewe. «Despised» linakaribia, halafu linakosa. Yote yanaeleza jambo ambalo mtu hataki, na jina lile lilikuwa la kitu kinachotakwa kupita kiasi. Sijapata. Mkipata nyinyi, liwekeni, mtalihitaji.

Siku ya uamuzi, nilipotoka kwenda kunywa chai, Mbithe alikuwa kwenye korido amechuchumaa, anamfunga mtoto leso kichwani kwa sababu ya upepo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona msichana karibu. Alikuwa na macho mapana, meno mawili ya mbele hayapo, na ni kweli, masikio yalikuwa makubwa kidogo. Alinitazama bila woga. Alikuwa mzuri sana.

Mbithe aliniona nikimtazama, na mkono wake ukasita kwenye fundo la leso. Kazi ilikuwa imeisha, kiapo changu kilikuwa kimebaki ndani ya chumba, na kwa mara ya kwanza ningeweza kumwambia mwanamke huyu neno langu mwenyewe.

«Mwaitu,» nikamwambia kwa Kikamba, kama unavyomwita mama wa mtu, «una mtoto mbaya. Sijawahi kuona mbaya kama huyu.»

Akakaza fundo. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo wa kuni.

«Asante, mama,» akasema.